Chombo kikizama: tume, kesi ya jinai, fidia au Baraza? Njia za kudai uwajibikaji Zanzibar

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 645 na mabaharia 45. Januari 2012 ikaelezwa, kutokana na kazi ya tume aliyoiunda Rais wa Zanzibar, kwamba waliokuwemo walikuwa 2,470. Maiti zilizopatikana ni 203, na watu 1,370 hawakuonekana tena. Miezi kumi baada ya msiba huo, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Msiba wa namna hii ukitokea, madai hutoka kwa pamoja: tuambiwe ukweli, waliosababisha washitakiwe, wafiwa walipwe, wakubwa waondoke. Yote ni ya haki, lakini kila dai lina mlango wake. Jamaa anayetaka fidia akasubiri ripoti ya tume huenda akakuta muda wa kufungua kesi umekwisha. Anayetaka ukweli akaelekeza nguvu zote kwenye kesi ya jinai atakuta mtu muhimu kuliko wote kizimbani hana wajibu wa kusema neno. Ndiyo maana tumeziweka njia hizi moja kando ya nyengine, pamoja na zile zinazohusu meli ya kivita, ambako milango ni michache na mizito zaidi.

Kwanza ujue chombo ni cha nani

Hili ndilo linaloamua mengine yote, nalo husahaulika siku za mwanzo kwa sababu ya majonzi.

Chombo cha abiria kilichosajiliwa Zanzibar kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2009. Kumbukumbu za ukaguzi, vyeti na ruhusa ya idadi ya abiria ziko huko. Kikiwa kimesajiliwa Tanzania Bara, kumbukumbu hizo utazifuata TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, hata kama kimezama mbele ya macho ya watu wa Mkokotoni. Boti ya KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni ya Idara Maalum ya Serikali ya Mapinduzi, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi lina nafasi ya kumwita waziri husika na kumhoji.

Meli ya Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ ni habari nyengine. Ulinzi ni jambo la Muungano. Mwakilishi wako wa Chukwani, hata awe hodari namna gani, hana waziri wa kumuuliza. Anayeweza ni Mbunge wako kule Dodoma. Familia nyingi zinaweza kupoteza wiki nzima kwa Mwakilishi kabla ya kuambiwa kuwa barua imefika pasipo pake. Na ikiwa ni meli ya kivita ya nchi ya kigeni, meli hiyo ina kinga mbele ya mahkama za nchi nyengine, kwa hiyo dai hupitia Serikali kwa Serikali. Tunayo kumbukumbu ya hilo hapa hapa: HMS Pegasus, meli ya kivita ya Uingereza, iliyozamishwa na Königsberg ya Ujerumani katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga kwa matengenezo. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani, lakini aliyetakiwa kujibu kwa nini meli ilikaa pale bila ya kuweza kuondoka alikuwa London, si Forodhani.

Tume ya uchunguzi na uchunguzi wa usalama

Watu huviona vitu hivi viwili kuwa kimoja. Vinatofautiana kuanzia shabaha yake.

Uchunguzi wa usalama hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010. Shabaha yake ni kujua nini kilitokea na kwa nini, ili kisitokee tena. Kwa makusudi kabisa, hautafuti wa kulaumiwa. Baharia hupewa nafasi ya kusema alichokiona bila ya kuhofia kwamba maneno yake yatakwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Matokeo yake mara nyingi ni maelezo bora kuliko yote ya kihandisi. Udhaifu wake ni kwamba kanuni hizo zinalazimisha uchunguzi kwa vyombo vya safari za kimataifa. Safari ya Malindi kwenda Wete inategemea sheria za nyumbani na nia ya wenye mamlaka. Meli za kivita hazimo kabisa, kama zisivyomo katika mkataba wa SOLAS wa usalama wa maisha baharini.

Tume ya uchunguzi huundwa na Rais. Huwa na mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka, na inaweza kusema wazi nani alikosea. Humwandikia aliyeiunda, naye ndiye mwenye uamuzi wa kuitoa ripoti hadharani. Haimfungi mtu wala haimlipi mtu, inapendekeza.

Ukitaka ukweli uliokamilika, tume ndiyo ya kuidai, lakini kwa sharti moja: pambania hadidu za rejea kabla hazijatiwa saini. Tume hujibu ilichoulizwa tu. Ikiulizwa "chanzo cha ajali" itakuletea chanzo cha ajali, na suala la nani alichelewa kutuma boti za uokozi litabaki nje. Dai hadidu zitaje, kwa maneno, mambo haya: idadi ya waliopanda ikilinganishwa na ruhusa, nani alitia saini chombo kiondoke na saa ngapi, mzigo ulikuwa tani ngapi na ulipangwa wapi, saa ya simu ya kwanza ya kuomba msaada na saa boti ya kwanza ilipong'oa nanga, majaketi ya kuokolea yalikuwa mangapi, wapi, na yalifungwa au yalikuwa huru, na ukaguzi wa mwisho ulifanywa na nani na kasoro gani ziliandikwa. Halafu dai tarehe ya kukabidhi ripoti na tarehe ya kuichapisha, ziwe mbili tofauti, zote ziandikwe.

Mfano wa kwa nini uokozi uwe na hadidu yake: MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Meli ilipopinduka ilibaki ikielea chini juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, na watu waliokuwa hai walisikika wakigonga bati. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa, hewa ikatoka na meli ikaenda chini. Kilichoipindua meli ni suala moja, na kilichowaua waliokuwa bado hai ni jengine. Ukiyaunganisha, la pili humezwa na la kwanza.

Neno kuhusu wahandisi. Katika misiba yetu idadi ya abiria hutawala mazungumzo hadi kila kitu kionekane kuwa ni "walijaza watu". Kujaza kunaua, hilo halina ubishi, lakini njia yake ya kuua ndiyo inayoonesha wa kuwajibishwa. Meli hupinduka uzito unapokaa juu. Watu walioshonana sitaha ya juu na magunia yaliyopangwa juu ya mstari wa maji huufanya mlalo mdogo uwe mlalo usiorudi. Kwenye meli za roro, ambazo magari huingia na kutoka kwa magurudumu yake, kama ilivyokuwa Spice Islander, sitaha ya magari ni ukumbi mmoja mpana usiogawika. Maji ya kina cha kiganja yakiingia humo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito papo hapo. Kwa hiyo tume isiyo na mhandisi wa uthabiti wa meli itawakuta na makosa mkata tiketi na nahodha, na itamwacha aliyeidhinisha mpangilio wa mzigo. Korea Kusini waliliona hilo kwa feri ya Sewol, iliyozama tarehe 16 Aprili 2014 na kuua watu 304 kati ya 476. Abiria hawakuzidi, mzigo ndio uliozidi, tani 2,142 wakati kikomo kilikuwa 987, na maji ya kuipa meli uthabiti kwenye matangi ya chini yalipunguzwa ili mzigo huo uingie.

Kwa Skagit hoja ilikuwa nyengine tena. Ilijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya feri za jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyofichika baina ya visiwa na bara. Kuileta katika mkondo wa Zanzibar, kisha kuiacha isafiri Julai wakati kusi limechacha, ni uamuzi wa watu wa usajili na ukaguzi walioko nchi kavu. Hapa ndipo penye kasoro ya kudumu: mamlaka inayosajili, inayokagua na inayotoa ruhusa haiwezi kuwa mchunguzi wa kuaminika wa chombo kile kile. Mkisikia uchunguzi umeachiwa taasisi iliyotoa cheti, pingeni siku hiyo hiyo, kwa barua.

Kesi ya jinai

Anayeamua kushitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Wafiwa si wenye kesi, ni mashahidi. Uthibitisho unaotakiwa ni wa juu, bila ya kuacha shaka ya maana, na mshitakiwa ana haki ya kunyamaza.

Nguvu ya njia hii ni kwamba ndiyo pekee inayompeleka mtu jela, na Polisi wana uwezo wa kukamata nyaraka na simu ambao tume huenda isiwe nao. Udhaifu wake mkubwa ni mahali inapogota. Mlolongo wa makosa huanza ofisini na kuishia sitahani, lakini sheria ya jinai huhitaji kitendo cha mtu mmoja kilichounganika na kifo, kwa hiyo huwanasa wa mwisho kwenye mlolongo: nahodha, fundi, msimamizi wa bandari wa zamu ile. Kwa Sewol, nahodha aliyeiacha meli na wanafunzi wakiwa ndani alihukumiwa kifungo cha maisha, na hukumu hiyo ikathibitishwa na Mahkama ya Juu Novemba 2015. Kamanda wa boti ya kwanza ya walinzi wa pwani kufika naye alifungwa. Wakuu wa walinzi wa pwani waliposhitakiwa baadaye, waliachiliwa. Nahodha akiwa amekufa au hajulikani alipo, mashtaka hubakia na watu wa pembeni na hoja ya utetezi hujitokeza yenyewe: "aliyeamua hayupo."

Njia hii ichagueni mkiwa na mtu anayejulikana aliyefanya jambo linaloweza kuoneshwa kwa karatasi au kwa picha: aliyesaini ruhusa akijua idadi, aliyeamuru chombo kiondoke baada ya kuambiwa kuna maji chumba cha mashine. Msiichague kama njia ya kupata ukweli wote. Na mjue kwamba kesi ikishakuwa mahkamani, taasisi nyengine huitumia kama sababu ya kunyamaza: "jambo liko mahkamani, hatuwezi kulizungumza." Jibu lenu liwe tayari: kesi inahusu hatia ya watu waliotajwa, haihusu kuchapishwa kwa orodha ya abiria.

Kesi ya madai: fidia

Hapa wafiwa ndio wenye kesi. Kipimo cha uthibitisho ni chepesi zaidi, mizania ya uwezekano, na wa kushitakiwa ni mwenye chombo, wakala wake, hata Serikali kama mkaguzi wake alizembea. Mahkama ya madai inaweza kuikuta kampuni na Serikali zote na makosa, jambo ambalo kesi ya jinai hulifanya kwa nadra. Julai 2018 mahkama ya Seoul iliamua hivyo kwa Sewol na kuagiza won milioni 200 kwa kila aliyekufa. Baadhi ya familia zilikuwa zimekataa fedha za Serikali zilizotolewa mapema, kwa sababu kuzipokea kungewafunga wasiende mahkamani. Jambo hili lizingatiwe sana kwetu. Kabla ya kutia saini au dole gumba kwenye karatasi ya mkono wa pole, mtu asomewe mstari kwa mstari. Ubani ni ubani. Karatasi ikisema "nimeridhika na sina dai jengine," hiyo ni suluhu, na thamani yake ni kubwa kuliko bahasha iliyoambatana nayo.

Muda ndio adui. Katika mkataba wa Athens wa abiria wa baharini dai la kifo hufa baada ya miaka 2. Mkataba huo umetungwa kwa safari za kimataifa, na sheria za ndani huweza kuwa na muda mfupi zaidi. Fanyeni mwaka mmoja kuwa ukomo wenu, na mwanasheria awe amekwishaonekana ndani ya mwezi wa tatu. Kuishitaki Serikali hutanguliwa na taarifa ya maandishi kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi iliyofunguliwa bila ya taarifa hiyo hutupwa kwa kasoro hiyo tu, hata iwe na haki kiasi gani. Asiye na uwezo wa wakili aanzie Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Unguja na Chake Chake, au kwa msaidizi wa sheria wa wilaya yake.

Ulizeni bima mapema. Itifaki ya 2002 ya mkataba wa Athens inamlazimisha msafirishaji awe na bima, na dhima yake hufika hadi SDR 400,000 kwa abiria mmoja, yaani vipimo vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chombo cha safari za ndani huenda kina bima ndogo sana au ya chombo chenyewe tu, isiyogusa abiria. Hukumu nzuri dhidi ya kampuni isiyo na bima, ambayo mali yake pekee imelala chini ya mkondo wa Nungwi, ni karatasi. Hilo likibainika, nguvu zielekezwe kwa aliyeiruhusu isafiri bila ya bima.

Halafu kuna waliopotea. Kwa 1,370 wa Spice Islander hapakuwa na maiti, na bila ya maiti hapana cheti cha kifo cha kawaida. Mke hajui kama ni mjane wa kukaa eda, mirathi haigawiki, na dai la fidia halina mwenye kulifungua. Suala la eda na ndoa ni la Mahkama ya Kadhi, ambayo husikiliza ushahidi kwamba mtu alipanda na chombo kikazama. Usajili wa kifo ni wa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mirathi ya Waislamu hupita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ofisi tatu, na kila moja hutaka karatasi ya mwenzake. Mpangilio unaopunguza mizunguko ni huu: barua ya sheha yenye majina ya mashahidi wawili walioona mtu akipanda au waliopigiwa naye simu akiwa ndani, kisha Kadhi, kisha usajili, kisha mirathi na fidia.

Baraza, Bunge na kujiuzulu

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Siku chache baada ya Skagit, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambako watu 228 walikufa katika kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101, Rais Magufuli aliivunja bodi ya TEMESA, wakala wa Serikali unaoendesha vivuko, siku chache tu baadaye.

Kujiuzulu kuna maana yake: kunasema kwamba cheo hubeba dhamana hata kama mkono haukushika usukani. Nasi tunaliheshimu. Lakini tofautisheni kujiuzulu na kufukuzwa. Anayejiuzulu baada ya kuhojiwa huacha maswali na majibu katika kumbukumbu rasmi za Baraza. Anayefukuzwa usiku kwa tangazo huondoka na anachokijua. Kwa hiyo dai lenu la kwanza kwa Mwakilishi lisiwe "waziri aondoke." Liwe "waziri aje aeleze, kwa takwimu," na mpeni maswali yaliyoandikwa, yasiyozidi sita, kila moja likitaka jibu la namba, tarehe au jina la cheo.

Meli ya kivita: kilichofanya kazi na kilichoshindwa kwengine

Jeshi likipoteza meli, linakuwa mwenye chombo, mkaguzi, mwokoaji, mchunguzi na hakimu kwa wakati mmoja. Siri za ulinzi ni za kweli, lakini hufunika na yasiyokuwa siri. Nchi tatu zinaonesha nini kilifungua mlango.

Urusi ilipoteza nyambizi Kursk na watu wote 118 tarehe 12 Agosti 2000. Maelezo ya mwanzo ya jeshi yalibadilika badilika, ikiwemo dai la kugongana na nyambizi ya kigeni. Kilichomaliza ubishi ni kuinuliwa kwa sehemu kubwa ya nyambizi Oktoba 2001, meta 108 chini: torpido yenye mafuta ya haidrojeni peroksaidi ndiyo iliyoripuka. Makamanda kadhaa wa kikosi cha kaskazini waliondolewa Desemba 2001, na kesi ya jinai ikafungwa Julai 2002 bila ya mtu kushitakiwa. Ukweli wa kihandisi ulipatikana, hatia haikupatikana.

Argentina ilipoteza ARA San Juan na watu 44 tarehe 15 Novemba 2017. Utafutaji ulipofifia, jamaa walipiga kambi Plaza de Mayo, Buenos Aires, kwa zaidi ya siku 50 mwaka 2018, wakiwa na dai moja tu: aajiriwe mtafutaji wa nje ya jeshi. Serikali iliingia mkataba na kampuni ya Ocean Infinity kwa masharti ya kulipwa dola milioni 7.5 ikiwa tu itaipata, na Novemba 2018 ikaipata kwenye kina cha zaidi ya meta 900. Sambamba na hilo kamati ya pamoja ya mabunge mawili ilichunguza na kutoa ripoti Julai 2019. Baraza la kijeshi nalo lilimfukuza jeshini mkuu wa kikosi cha nyambizi mwaka 2021. Hapa hapakuwa na kuinua, lakini palikuwa na mchunguzi asiyevaa sare. Na dai lilikuwa moja, linalopimika, lisiloweza kujibiwa kwa hotuba.

Thailand ilipoteza HTMS Sukhothai tarehe 18 Desemba 2022, watu 105 ndani, 29 wakafa au kupotea. Suala lililowachoma wafiwa lilikuwa jepesi kulielewa: waliopanda kama nyongeza, wapatao 30, hawakuwa na majaketi ya kutosha. Jeshi lilichunguza lenyewe. Meli haikuinuliwa, wazamiaji walishuka mwaka 2024 kukusanya ushahidi. Aprili 2024 jeshi likatangaza kuwa mwenye dhamana ni nahodha, adhabu siku 15 za kuzuiliwa, naye akajiuzulu. Anayetaka kujua uchunguzi wa ndani pekee huishia wapi, na apime siku 15 kwa watu 29.

Kwa meli ya JWTZ, basi, msianze na mahkama. Anzeni Bungeni, kwenye kamati inayosimamia ulinzi na usalama, mkidai mambo ambayo hayana siri ndani yake: idadi ya waliopanda na majina yao, idadi ya majaketi, tarehe ya matengenezo ya mwisho gatini, saa ya wito wa msaada, na mhandisi wa nje kwenye jopo. Silaha na safari ya meli wabaki nazo. Mwenye jamaa aliyekuwa raia ndani ya meli, mpishi, fundi wa mkataba au abiria, ana nafasi ya dai la madai ambayo askari huenda hana, kwa hiyo familia za raia na za askari zisimame pamoja hadharani na zitenganishe faili zao.

Uchague vipi

Aliyefiwa na mtu aliyekuwa tegemeo la nyumba, na ana watoto wa skuli, aanze na fidia, mengine yafuate. Tume haitamngoja wala yeye asiingoje. Kijiji kilichopoteza watu kumi na zaidi kianze na orodha na hadidu za rejea, kwa sababu kundi lina nguvu mbele ya Rais ambayo mtu mmoja hana. Wenye picha au sauti zinazomtaja mtu wazi wazipeleke kwa mwendesha mashtaka kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, wabaki na nakala. Walio na hasira tu na hawana karatasi waende kwa Mwakilishi. Hasira hiyo ina mahali pake, na pale ndipo inapofanya kazi.

Iwapo nguvu zenu zinatosha njia mbili, chukueni tume na fidia. Zinasaidiana: tume huchimba nyaraka ambazo wakili wa fidia hawezi kuzifikia, na tarehe ya kesi huifanya Serikali isiiweke ripoti kabatini. Jinai na tume hukwaruzana zaidi, kwa sababu shahidi anayeogopa kushitakiwa hawi mkweli kwa tume.

Yoyote mtakayoichagua, kuna kazi ya siku 14 za mwanzo ambayo hairudiwi. Orodha ya abiria ya kampuni msiitegemee: watoto wadogo hupanda bila tiketi, tiketi hununuliwa kwa jina la mwengine, na wanaopandia dakika za mwisho hawaandikwi. Kila sheha aandike ya kwake, nyumba kwa nyumba: jina kamili, umri, alipanda bandari gani, simu yake, nani alizungumza naye mwisho na saa ngapi, alikuwa na mzigo gani. Wenye mizigo pia waandikwe, maana risiti ya magunia ndiyo inayothibitisha tani, na wachukuzi wa Malindi wanajua walipakia nini na wapi. Wahojiwe kabla hawajashauriwa wanyamaze. Picha za simu zitumwe zikiwa faili la asili, si zilizopita WhatsApp kama picha, kwa sababu zikipita huko hupoteza saa na mahali zilipopigwa. Simu za waliookoka zisifutwe wala zisiuzwe. Kumbukumbu za simu zilizopigwa kwenye namba za dharura na za KMKM usiku ule ziombwe zihifadhiwe, kwa barua kwa kampuni za simu na kwa Polisi, kwa sababu hazikai milele.

Baada ya Spice Islander, maiti zilipangwa Maisara ili jamaa wazitambue. Penye kutambua namna hiyo pawe na mwandishi mmoja kwa kila mlango, na kila maiti ipewe namba, ipigwe picha ya uso na ya nguo, na itolewe sampuli ya vinasaba kabla ya kuzikwa, hata kama jamaa wameshasema ni ya kwao. Kuzika kwa haraka ni katika dini yetu, na sampuli huchukua dakika chache. Orodha ya namba hizo na orodha za masheha zikikaa meza moja ndani ya siku 14, hesabu ya waliokuwemo haitangoja Januari.